Hatimiliki Haitoshi: Nyumba Ipimwe Kabla ya Kununuliwa

Mkenya anayenunua nyumba hujihadhari sana, na ana sababu. Amesikia habari za watu waliouziwa viwanja hewa, za hatimiliki mbili juu ya shamba moja, na za madalali waliotoweka na arubuni. Kwa hivyo huajiri wakili, hupeleka maombi ya utafutaji rasmi katika sajili ya ardhi, humwita mpimaji ayahakikishe mawe ya mipaka, na wakati mwingine huwauliza majirani kichinichini iwapo muuzaji ndiye mwenyewe kweli. Akishayatimiza hayo yote hulala usingizi. Lakini usingizi huo ataulala katika nyumba ambayo hakuna aliyemweleza paa lake limetengenezwa kwa nini, rangi ya kuta zake ina madini gani, maji ya kisima chake yana floraidi kiasi gani, wala udongo wa ua wake ulikuwa jaa la nini kabla ya kugawanywa viwanja.

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii aghalabu hufafanuliwa kwa tabia za watu, kwamba uzuri wa sura si uzuri wa moyo. Naona wakati umefika wa kuichukua pia kwa maana yake ya wazi kabisa. Tumejifunza kuilinda milki ya mnunuzi, lakini afya yake na ya watoto wake tumeiacha mlangoni.

Mimi si daktari wala si mhandisi. Taaluma yangu ni isimu, na kilichonivuta kwenye mada hii ni maneno: yale yanayoandikwa katika matangazo na mikataba ya kuuza nyumba, na yale yanayoachwa. Chukua tangazo la kawaida: nyumba ya vyumba vitatu, ua mpana, mandhari ya kuvutia, maji ya kisima saa 24. Maji yamesifiwa kwa wingi wake, yaliyomo ndani ya maji hayakutajwa. Kadhalika, Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo madalali wetu huvitumia kana kwamba ni kimoja, yaani kukagua na kupima. Kukagua ni kazi ya macho; kupima ni kazi ya chombo. Mteja hupelekwa kukagua nyumba, akafungua mabomba, akagonga kuta, akatazama dari kama inavuja, kisha akaambiwa kuwa mambo yamekamilika. Hatari nitakazozitaja hapa, karibu zote, hazionekani kwa macho wala hazinuki. Haziwezi kukaguliwa. Sharti zipimwe.

Ya kwanza ni risasi. Neno lenyewe ni mtihani, kwa maana msomaji akilisikia hufikiria bunduki. Hapa nazungumzia madini yenyewe, yaliyotumika kwa miaka mingi katika rangi za mafuta ili zing'ae, zikauke upesi na zidumu. Madini hayo yakiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo unaokua, hupunguza uwezo wake wa kujifunza na kutulia, na madhara hayo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mchanga hutambaa sakafuni, hushika vumbi lililobanduka dirishani, kisha hutia vidole mdomoni. Mwalimu wake miaka sita baadaye humwita mzito wa kuelewa, na mzazi hukubali kuwa hiyo ndiyo bahati yake.

Mnamo mwaka wa 2018 Kenya iliweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja ya rangi. Hatua hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, kikomo hicho kinahusu rangi inayouzwa dukani, wala hakibandui rangi iliyokwisha kupakwa ukutani, langoni na kwenye fremu za madirisha kabla ya mwaka huo. Isitoshe, mnunuzi mpya kwa kawaida huanza kwa kumleta fundi aiparuze rangi kuukuu kwa msasa mkavu, na vumbi lake hutanda nyumba nzima siku ambayo familia inahamia. Kinga yake si ya ajabu. Vipande vidogo vya rangi, kila kimoja kikiwa na tabaka zote hadi kwenye mbao au chuma, hupelekwa maabara kupimwa kabla ya msasa kuguswa.

Risasi haikai ukutani peke yake. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti kuhusu jaa la Dandora, Nairobi, ambapo watoto 328 wa maeneo ya karibu walichunguzwa, na nusu ya waliopimwa walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014 pembeni mwa makazi ya watu, moshi wake ukitua kwenye mapaa na maji yake machafu yakipita baina ya nyumba. Mwanamke mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aliligeuza suala hilo kuwa la taifa baada ya mwanawe kuugua, na mwaka wa 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mnamo Desemba 2024.

Nimeitaja kesi hii kwa sababu ina funzo kwa mnunuzi. Udongo uliokwisha kunywa risasi haujisafishi wenyewe kwa mvua ya masika. Risasi haiozi. Kiwanda huweza kufungwa, lango likang'olewa, kiwanja kikauzwa na kuuzwa tena, na kila mnunuzi akapewa majibu ya utafutaji rasmi yaliyo safi kabisa: jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, kama imewekwa rehani au la. Sajili inajua nani alimiliki ardhi, haijui aliifanyia nini.

Hatari ya pili imo vichwani mwetu, nikimaanisha darini. Nyumba nyingi za zamani, shule, na mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa serikali na wa mashamba makubwa ziliezekwa kwa asbesto, yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi ambayo wengi huyadhania kuwa saruji tupu. Bamba zima lisiloguswa halina madhara makubwa. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likitobolewa, hutoa nyuzinyuzi nyembamba mno zinazoelea hewani na kukaa ndani ya mapafu maisha yote. Huleta ugumu wa mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka, na huchukua aghalabu miaka 20 hadi 40 kabla ya kujitokeza. Kanuni za usimamizi wa taka za 2006 ziliitia asbesto katika orodha ya taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni, wenye mavazi maalumu, na mahali maalumu pa kuizika.

Mwenzangu mmoja alinunua nyumba ya zamani katika mji wa Bonde la Ufa kwa bei aliyoiona kuwa ya bahati. Mkataba ulitaja paa kwa neno moja tu, kwamba lilikuwa imara. Alikuwa tayari amewaleta mafundi wawili na keekee ili wafunge mtungi wa maji juu ya paa, ndipo mpita njia mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi akawaambia washuke. Gharama ya kuliondoa paa lile kwa njia inayokubalika kisheria ilimpa sababu ya kuitafakari upya bahati yake. Muuzaji hakuwa amesema uongo wowote. Paa lilikuwa imara kweli.

Ya tatu ni maji. Miamba ya volkano katika Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na visima vingi vya Nakuru, Gilgil, Naivasha, na hata baadhi ya visima vya Nairobi na viunga vyake hutoa maji yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Watoto wanaoyanywa meno yao yakiwa bado yanaundwa huota meno ya hudhurungi yenye vishimo, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Wengi wetu tumelelewa kuamini kuwa maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiuawi na moto. Maji yakipungua kwa mvuke, kiasi chake katika kila lita huongezeka. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya kusifika kwa kutengeneza vichungi vya mkaa wa mifupa vinavyoipunguza. Lakini mtu huweza kununua kichungi pale tu anapojua kuwa anakihitaji, na kujua huanza na chupa moja ya maji iliyopelekwa maabara.

Ya nne inajulikana kidogo sana kwetu. Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayotoka katika miamba na udongo wenye urani, ikapenya nyufa za sakafu na kujikusanya ndani ya nyumba. Baada ya tumbaku, ndiyo inayohesabiwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Marekani iliamshwa na kisa cha mhandisi Stanley Watras wa Pennsylvania, ambaye mnamo Desemba 1984 alikuwa akiviamsha ving'ora vya kupima mnururisho katika kituo cha nyuklia alikofanya kazi, ilhali kituo chenyewe kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme. Mnururisho ulitoka nyumbani kwake, ambako radoni ilikuwa mamia ya mara kupita kiwango cha tahadhari. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kikomo cha bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwetu, kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kinajulikana na wanafizikia kwa mnururisho wa asili ulio juu kuliko kawaida, kutokana na thoriamu iliyo katika udongo wake, na udongo ndio uliotumika tangu jadi kukandikia kuta. Sisemi kwamba kila nyumba nchini ipimwe radoni kesho asubuhi. Nyumba nyingi za kwetu zina hewa ya kutosha, na kufungua madirisha kunasaidia. Nasema kuwa pale ambapo jiolojia imetoa dalili, mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Fauka ya hayo, ipo hatari ya mahali penyewe. Aprili 2016 jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto katika mtaa wa Huruma, Nairobi, liliporomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Mto una kumbukumbu ndefu kuliko dalali. Swali la maji yalifika wapi katika mafuriko ya mwisho ni rahisi kuulizwa, na jibu lake lingepaswa kuandikwa na kutiwa sahihi.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya katika Kifungu cha 42, na Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari na ya kulindwa afya na usalama wake. Wanasheria huweza kubishana iwapo nyumba ni bidhaa. Wakati wanabishana, sokoni inatawala kanuni ya kale tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki yake pale ambapo mtu alinunua ng'ombe, kwa kuwa aliweza kumfungua mdomo na kumhesabu meno. Kwa gesi isiyoonekana na madini yaliyofichwa chini ya tabaka tatu za rangi, kumwambia mnunuzi ajihadhari ni kumuuzia mbuzi ndani ya gunia na kumlaumu kwa kutolifungua.

Waingereza na Wamarekani waliotufunza kanuni hiyo wao wenyewe wameilegeza. Sheria ya Marekani ya 1992 inamlazimu anayeuza nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye risasi ilipigwa marufuku huko kwa matumizi ya nyumbani, aseme kwa maandishi yote anayoyajua kuhusu rangi hiyo, na kumpa mnunuzi siku 10 za kupima akitaka. Wapangaji nao huambiwa kabla ya kutia sahihi. Sheria hiyo haimlazimishi muuzaji kupima wala kurekebisha. Inamlazimisha kusema.

Nitatarajia pingamizi tatu. Ya kwanza ni gharama. Nyumba zimekuwa ghali, itasemwa, na mnataka kumwongezea mwananchi mzigo. Mnunuzi wa nyumba ya mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani, humlipa wakili, na humlipa mthamini. Kupima chupa ya maji na kipande cha rangi ni sehemu ndogo mno ya fedha hizo, na kuuliza maswali hakuna ada. Wala muda si kikwazo. Desturi yetu ni kulipa arubuni ya asilimia 10 na kukamilisha mauzo katika siku 90. Ndani ya siku hizo 90 maabara huweza kuyatoa majibu ya maji na rangi, na hata kifaa cha radoni huweza kukaa chumbani muda wa kutosha.

Pingamizi ya pili ni kwamba bei za nyumba zitaanguka. Baadhi zitashuka, na zinafaa zishuke. Nyumba ambayo paa lake litagharimu fedha nyingi kuliondoa kwa usalama haina thamani sawa na ile isiyo na paa kama hilo. Leo tofauti hiyo hulipwa na mnunuzi bila ya kujua, na mara nyingine hulipwa na mtoto wake.

Pingamizi ya tatu ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi: sisi tulikulia katika nyumba hizo na hatukufa. Jibu lake limo katika maumbile ya hatari zenyewe. Asbesto husubiri miaka 20 hadi 40. Risasi haiachi kovu, hupunguza tu kile ambacho mtoto angekuwa, na hakuna ajuaye angekuwa nani. Wanaotoa ushahidi huo ni wale waliobaki na afya ya kuutoa.

Napendekeza basi kwamba Bunge lipitishe sharti moja jepesi. Kila mkataba wa kuuza nyumba au kiwanja uambatane na tamko la muuzaji lenye maswali machache: nyumba ilijengwa mwaka gani na ilipakwa rangi lini, paa na dari ni za nini, maji yanatoka wapi na yalipimwa lini, ardhi ilitumiwa kwa nini hapo awali, na mafuriko yamefika wapi. Asiyejua aandike kuwa hajui. Anayejua akaficha, awajibike mbele ya mahakama. Mnunuzi apewe siku 14 za kupima, na arubuni yake irudishwe ikiwa majibu ni mabaya. Maabara za serikali kuu na za kaunti zitoe huduma hiyo kwa bei iliyotangazwa. Na kwa kuwa wengi wa wakazi wa miji yetu ni wapangaji, tamko hilo hilo lisomwe kabla ya mpangaji kulipa kodi ya kwanza.

Tamko hilo liandikwe kwa Kiswahili sawasawa na Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kimezifanya zote mbili kuwa lugha rasmi, lakini mikataba ya nyumba inaendelea kuandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani ambacho hata waliosoma hukipitia kwa kuruka. Istilahi tunazo. Tunaweza kusema madini ya risasi yaliyo katika rangi, paa la asbesto, floraidi iliyo katika maji, na mama anayeuza mboga Kongowea au mwalimu wa Molo akaelewa anachoulizwa na anachoambiwa. Onyo lisiloeleweka na anayeonywa halijatolewa.

Hadi sharti hilo lipite, msomaji anayepanga kununua nyumba mwaka huu asingoje. Mwambie wakili wako ayaandike maswali hayo kama sehemu ya mkataba, maana hakuna sheria inayomzuia. Peleka maji maabara kabla ya arubuni. Usiruhusu msasa wala keekee kabla ya kujua unachokigusa. Na muuzaji akikasirika kwa kuulizwa paa lake ni la nini, hilo nalo ni jibu.